Shavu la Kushoto la Shangazi

Shangazi yangu wa Kilosa alikuwa mjane, na karani mmoja mstaafu wa reli, aliyefiwa na mke, alitaka kumuoa. Mzee huyo alikwenda Tabora kuwaarifu nduguze, akaahidi kurudi kutoa neno la mwisho. Shangazi akaanza kuogopa kioo.

Huko Mikumi alikuwepo tabibu mwenye dawa mpya ya sindano, nzito kama asali, ya kujaza makunyanzi na makovu. Alikuwa bado anaijaribu, wala hakuficha. Alichoma upande mmoja kwanza, mwingine akauacha wa kulinganishia. Nilimwambia Shangazi uso si shamba la majaribio. Alinijibu kwamba hata pamba ya kijiji ilianza na kishamba kimoja.

Shavu la kushoto lilijaa, likalainika, na kovu la mafuta ya moto likapotea. Nilikiri kimoyomoyo kwamba lilipendeza. Kabla ya zamu ya shavu la kulia, mto ukafurika na barabara ya Mikumi ikakatika.

Basi vijana waliomjia kwa kulia walimpa shikamoo, waliomjia kwa kushoto wakamwambia, hujambo dada. Shangazi, ambaye aliwahi kumfuata mtoto wa watu hadi kwao kwa kunyimwa hiyo shikamoo, hakujua amgombeze nani. Kwenye duka la ushirika, ambako wazee walitangulizwa, muuzaji alimwamuru arudi nyuma ya foleni. Shangazi aligeuza shingo tu, muuzaji akaomba radhi. Nilicheka hadi machozi.

Siku mchumba aliposhuka garimoshi sikucheka tena. Shangazi alikiweka kiti cha mgeni kushoto kwake, lakini paa letu lilivuja papo hapo, mzee akahamia kulia. Shangazi naye akageuka, mzee akahama tena, Shangazi akazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwishowe mzee alisimama mbele yake, akatazama shavu hili, kisha lile. Nilimwonea Shangazi huruma kwelikweli.

“Huyu wa kulia ndiye niliyemfuata,” mzee alisema taratibu. “Wa kushoto nadhani ni binti yake. Mbona haniamkii?”

Shangazi aliinamisha macho. “Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Sasa tupishe, nina mazungumzo na mama yako.”

Shangazi akalifunika shavu la kushoto kwa khanga, akamgeuzia la kulia.