Uzi wa Ratili Nne

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwisho wa Septemba, miaka ya tisini, majani ya miti ya Saint Paul, Marekani, yameshaanza kugeuka manjano, na mimi nimesimama dukani nabishana na kijana muuza vifaa vya uvuvi. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, mwanangu, na nguvu za kubishana hata na ukuta. Nimekulia sokoni Kongowea, Mombasa, nikiuza mitumba na marehemu mama yangu, na mtu wa Kongowea haambiwi bei akasema ahsante.

Mbele yangu palikuwa na pakiti mbili za uzi. Moja ni uzi wa ratili nne, maana yake unahimili uzito huo kabla ya kukatika. Mwembamba kama unywele wa mtoto. Nyingine ni ya ratili ishirini, ungeweza kuanikia blanketi. Bei moja. Nilisoma karatasi, nikasoma tena, bei moja kabisa. Sasa niambie, mtu mwenye akili timamu achukue upi?

Nilichukua mnene. Nikamwomba na ndoana mbili za nyongeza, kama desturi ya sokoni. Akacheka akidhani namtania.

Aliyenitoa siku hiyo ni Mzee Gachara. Tulikuwa tukifanya kazi pamoja katika nyumba ya kutunzia wazee huko Fridley, mimi nikiwaogesha na kuwalisha, yeye akiendesha mashine za kufulia shuka. Kwao ni Nyeri, chini ya milima ya Nyandarua. Katika ujana wake aliajiriwa kulinda mto wenye trauti, samaki wa maji baridi wenye madoa ubavuni, ambao Wazungu waliwaleta kule ili wawavue wao peke yao. Mchana Mzee aliwalinda. Jioni, alivyoniambia bila haya, aliwavua. "Ningejuaje kama wote wapo," akasema, "bila kuwashika nikawahesabu?"

Alinipeleka mtoni kwa sababu alichoka kunisikiliza. Wiki mbili nzima, kila tukila chakula cha mchana, sikuwa na hadithi nyingine ila Rukia.

Rukia ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Mama alipofariki nilimlea mimi, na nilipotulia Minnesota nikamvuta aje asomee uuguzi. Amefika mwaka wa tatu, akaniambia hataki uuguzi. Anataka kuhamia chuo cha kaskazini, kule kwenye lile ziwa kubwa, akasomee mambo ya maji na udongo. Nilimuuliza kama kwetu Kisauni alikosa vyote viwili. Hakucheka. Akafungasha, akahama kwangu, akaenda kukaa na wenzake.

Ila pasipoti yake ilibaki. Niliiweka tangu siku aliyofika, ndani ya kabati, chini ya kanga zangu, nikaipiga kufuli. Chuo kipya kilikuwa kikiitaka kwa ajili ya karatasi zake. Alipoiomba nilimwambia nitampa akirudiwa na akili. Akanijibu kwa simu, sauti imetulia kuliko nilivyopenda: "Dada, mimi si mtumba, unifungue na kunifunga unavyotaka. Nakuja Jumapili. Usiponipa, nitaandika ubalozini wanitolee nyingine, na simu yangu hutaisikia tena."

Nami nilijiona nina haki. Wahenga hawakusema samaki mkunje angali mbichi? Basi nilikuwa nakunja.

Tuliendesha gari kama saa moja kuelekea mashariki mpaka kwenye mto mdogo unaopita kati ya mawe. Maji yake yalikuwa baridi ya kuuma mifupa. Nilipokanyaga ukingoni tu nikaona alama ya unyevu juu ya mawe, shibiri moja hivi kupita maji yenyewe. Nami nimezaliwa kando ya hori ya Tudor, tukivua kwa mshipi wa mkono, najua maji.

"Mzee, maji yamepwa," nikamwambia. "Tukae tungoje yajae, ndipo samaki waingie."

"Mombasa," maana ndivyo alivyoniita, "bahari iko wapi hapa?"

"Iko mbali."

"Mbali siku ngapi?"

Akanionea huruma, akaeleza kwamba juu ya mto kuna bwawa la umeme. Wakifungulia, maji yanapanda, wakifunga, yanashuka. "Huku hakuna mambo ya mwezi," akasema. "Ni mtu na ufunguo wake." Hata hivyo maji yalikuwa yamepwa kweli, kwa hiyo nilijihesabia nusu ya ushindi.

Nusu hiyo haikudumu. Alipouona uzi wangu aliushika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota kitu cha jirani. "Huu ni wa kufunga ng'ombe."

"Bei ilikuwa moja," nikasema.

"Na ng'ombe yuko wapi?"

Mwanangu, trauti si kama samaki changu wa kwetu anayerukia chochote. Ana macho. Maji yale yalikuwa safi kama ya glasi, na mimi nawaona kabisa wakija, wakiutazama uzi wangu, wakigeuza. Kufikia saa nane Mzee alikuwa ameshavua watatu na kuwarudisha wawili majini. Mimi nilihesabu wangu nikapata sifuri. Nikahesabu tena, maana mtu hajui.

Mwishowe akanipa fimbo yake ya kuvulia, yenye ule uzi wa ratili nne. Haukupita muda, maji yakaanza kupanda. Bwawa lilikuwa limefunguliwa. Chambo kikapita kando ya jiwe kubwa, na hapo samaki akakamata. Lo, fimbo nzima ilipinda. Nami nikafanya nilichofundishwa utotoni: nikavuta. Sikugusa hata kile kigurudumu cha kuachia uzi, nikavuta tu, mkono juu ya mkono, kama navuta mshipi wa Tudor wenye samaki tewa mwishoni.

Tap. Uzi ukawa mwepesi, ukarudi ukielea juu ya maji.

"Uzi wako mbovu," nikamwambia. "Kamba hukatikia pabovu."

Mzee hakukasirika. Aliukagua uzi, akauzungusha kidoleni. "Yule samaki nimemwona. Ni ratili moja na nusu, akizidi mbili. Uzi ni wa ratili nne. Wewe si mtu wa hesabu? Hesabu, nini kimekata?"

Nikahesabu. Nne, toa mbili. Nikahesabu mara ya pili, kwa mazoea, nikitumaini nitapata jibu jingine. Samaki peke yake hawezi kuukata uzi ule. Kilichobaki, chote, kilikuwa mkono wangu.

"Akitaka kwenda, mwache aende na uzi," Mzee akasema huku akifunga ndoana nyingine. "Ukikaza, unakata." Kisha, kama anaendelea na habari ileile ya samaki, akauliza, "Huyo dada yako mdogo ana miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili. Na wahenga wamesema samaki mkunje angali mbichi, Mzee, usinilaumu."

"Ishirini na miwili huyo si mbichi. Huyo umeshamkausha mwenyewe, umemaliza. Samaki mkavu ukimkunja anafanya nini?"

Nilijua jibu. Kwetu hakuna mtoto asiyelijua. "Anavunjika."

"Haya."

Nilijaribu kupatana naye, mwanangu, ndiyo tabia. Nikasema labda nimpe pasipoti baada ya muhula huu. Akatikisa kichwa. Nikasema basi, nimpe, lakini aniahidi atarudi kwenye uuguzi. Akasema, "Hapa si Kongowea." Nikasema sawa, nimpe uzi kidogo kama samaki, aende, achoke, halafu nimvute polepole.

"Hapana. Hiyo ni ya samaki," akasema. "Mtu unamtoa na ndoana pia." Akanigeukia. "Hiyo pasipoti unailinda na nini? Unaogopa nini hasa?"

Sikuwa nimejiuliza. Nilimwambia ukweli, macho yangu yako majini: akienda kaskazini, katika nchi hii nzima hatabaki hata mtu mmoja wa kuniita Dada. Mzee akatia chambo kipya kwenye ndoana. Alinipa fimbo, na tukavua mpaka jua likaegemea miti. Sikupata kitu.

Jumapili Rukia alikuja, akasimama mlangoni na koti lake. Chai ilikuwa mezani, hakuitazama. Nikampa pasipoti kwa mikono miwili. Akaifungua, akakagua kurasa moja moja, akarudia tena kuanzia mwanzo. Hapo nilijua aliyemlea ni nani, na nilijua pia kwamba hakuniamini. "Ahsante," akasema. Si "Ahsante Dada." Ahsante tu. Akateremka ngazi.

Wiki ya kwanza nilinyanyua simu nikairudisha. Wiki ya pili vilevile. Kukaza nilikuwa nakujua. Kuachilia kulinichosha kuliko kazi ya zamu mbili. Theluji ya kwanza ikaanguka, sijasikia neno. Ya pili ikaanguka. Halafu asubuhi moja simu ikalia, na kabla hata ya salamu nikasikia, "Dada, mahamri yangu yamekataa kuumuka. Hamira ya huku ina nini?"

Nilikuwa na maneno ya miezi miwili mdomoni. Nikayameza yote. "Hamira haina neno," nikamwambia. "Maji yako ya moto mno. Yaache yapoe."

Tulizungumza habari za hamira nusu saa nzima. Pasipoti haikutajwa na yeyote.

Basi mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii, nayo nakupa bila kupandisha bei. Ukiwa umemshikia mtu kitu chake, iwe karatasi, ufunguo, au siri yake, kwa kisingizio cha kumpenda, mrudishie leo, kabla hajakuomba mara ya pili. Mtoto mkunje angali mbichi, ndiyo. Akishakauka, mpishe njia. Na uhusiano ukikatika mkononi mwako, usikimbilie kulaumu uzi. Piga hesabu kwanza, toa uzito wa mwenzako, uone kilichobaki ni cha nani.

Mungu akupe mkono mwepesi. Akujaalie watu wa kukurudia bila kuvutwa, na siku watakayorudi, akupe hekima ya kuwajibu walichouliza tu.