Mtani wa Ng'ambo ya Mto Nandembe

Teofili Mrope alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane na alikuwa hajawahi kuvutwa. Nalitanguliza hilo kwa sababu mwenyewe hulitanguliza, hata kabla hajakutajia jina. Madereva wengine wa Nachingwea wamevutwa na matrekta, wamevutwa na malori ya korosho, na yupo mmoja aliyevutwa na wanafunzi wa darasa la saba huku mama mkwe wake anatazama. Teofili alikuwa amepita njia za porini kati ya Naipingo na Chunyu kwa miaka ishirini na miwili, masika na kiangazi, na hakuna kamba iliyowahi kuligusa gari lake.

Na gari lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa Landkruza nyeupe ya mkonga, lile bomba la hewa linalopanda hadi usawa wa paa ili injini ipumue hata maji yakipita juu ya boneti. Lilikuwa la mradi wa mbegu za ufuta uliokwisha mwaka 2014. Meneja wa mradi alimkabidhi ufunguo asubuhi moja, akamwambia atunze gari, wao watarudi wiki ijayo. Hawajarudi. Teofili si mwizi. Kila mwisho wa mwezi aliandika ripoti ya safari, hali ya matairi na idadi ya mito aliyovuka, akaitia kwenye bahasha ya "Meneja wa Mradi" na kuiweka chini ya kiti cha nyuma. Mwaka juzi aliomba ruhusa ya siku tatu za msiba. Alipoona hajajibiwa, akajipa siku mbili.

Kuvuka mto kwake kulikuwa ibada. Alizima gari ukingoni, akavua viatu, akakunja suruali, akashika fimbo na kuuvuka mto kwa miguu, kwenda na kurudi, akiusikiliza mchanga kwa nyayo. Akirudi alifunga turubai mbele ya rejeta, akalegeza mkanda wa feni, akaweka fo-wili ili magurudumu yote manne yavute, akaingia na gia moja na kutoka na hiyohiyo. Abiria akimwambia mbona maji yanaonekana madogo, alimjibu kwamba mto haupimwi kwa macho, na kama ana haraka, Chunyu ni mbele hapo, atangulie.

Mto aliouvuka zaidi ya yote ni Nandembe, na ng'ambo ya Nandembe alikaa Masoudi Mnali.

Masoudi alikuwa mkulima wa ufuta, Mmwera, rika lake Teofili. Ukoo wa Mnali na ule wa Mrope wa Kimakua ni watani tangu enzi za babu zao, na hawa wawili waliushika utani huo kama wengine wanavyoishika dini. Alipofariki baba yake Masoudi, Teofili aliingia kaburini mbele ya waombolezaji, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Akaletewa jogoo. Akamkataa kwa kuwa ni mwembamba. Masoudi naye alikwenda kanisani siku binti wa Teofili alipoolewa, na padri alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, akasimama, akasema analo, akanyamaza kwa dakika tano nzima, kisha akaomba maji ya kunywa.

Pale mtoni ndipo alipozidi. Mwaka mmoja alimhakikishia Teofili kwamba maji ni ya magoti. Teofili akaingia kupima, akazama hadi kidevu. Mwaka uliofuata akamwapia Wallahi kwamba kiboko amezaa kivukoni. Teofili akazunguka kilomita arobaini, na kumbe kivukoni hapakuwa hata na kenge. Kwa miaka yote ile hakuna neno moja la kweli lililopata kuvuka Nandembe kutoka upande wa Masoudi.

Basi ikafika Jumatano moja ya mwezi wa tatu, mvua imekatika mchana, na Teofili anatoka Nachingwea na abiria mmoja tu: Saada, mke wa Masoudi, aliyekuwa amekwenda kununua godoro la futi tano kwa sita. Godoro limekunjwa nyuma, Saada amelikalia lisikunjuke. Walipofika ukingoni wakamkuta Masoudi amesimama ng'ambo, ametandaza mikono kama anayefukuza kuku.

Akapaza sauti kwamba wasiingie. Wachimba mchanga wamechimba shimo katikati ya kivuko, mafuriko ya juzi yamelipanua, yeye mwenyewe ametumbukia alfajiri akanusurika. Teofili alizima gari, akaegemea usukani na kumsikiliza kwa raha, kama mtu anayesikiliza wimbo aliouzoea. Hata viatu hakuvua. Angevua vya nini? Siku hiyo alikuwa na kipimo bora kuliko miguu yake. Masoudi akisema pita, usipite. Akisema usipite, barabara ni nyeupe.

Hata hivyo, kwa kuwa ni mtu makini, alimuuliza Saada.

"Shemeji, huyo jana kanipigia simu kwamba nyumba imeungua," Saada akasema. "Nimelia kwa dada mpaka majirani wakaja na mkeka. Kumbe kaunguza ugali."

Ng'ambo, Masoudi aliapa Wallahi. Teofili akamkumbuka kiboko. Masoudi akaapa kwa kaburi la baba yake. Teofili akalikumbuka kaburi hilo, alikwishalilalia. Ndipo Masoudi alipovua shati na kuingia majini mwenyewe ili waone kwa macho yao. Alikwenda hatua kumi, maji yakamfika kiunoni. Hatua ya kumi na moja akapotea, ukabaki mkono mmoja ukipunga. Akaibuka, akakohoa, akaonyesha chini kwa kidole, akazama tena.

"Anachuchumaa," Teofili alimwambia Saada kwa sauti ya mtu anayeujua ufundi wa mwenzake.

Masoudi akarudi ng'ambo yake, akasimama amelowa, amejishika kichwa. Akafikiri. Kisha, ole wake, akajaribu la mwisho alilokuwa nalo: akapiga kelele kwamba haya, pita basi, maji ni ya magoti.

Na Teofili angegeuza. Kanuni ilimtaka ageuze. Ila moyo wa mtu ukishapenda jambo hauna kanuni, na moyo wake ulikwishapenda kupita. Alimwambia Saada, umemsikia, amechoka mwenyewe. Akaweka fo-wili, akaingia.

Gari lilikwenda vizuri hatua kumi. Ya kumi na moja likainamisha pua, likatumbukia, likakaa. Maji yaliingia kwa milango, kwa sakafu, kwa matundu ambayo Teofili hakuyajua kwa miaka ishirini na miwili. Bahasha za meneja zikatoka chini ya kiti zikaelea, tangu 2014, moja moja, kwa mpangilio. Godoro lilikunjuka, likaelea, likampandisha Saada hadi akatokea dirisha la nyuma na kukaa juu ya paa, asijue amefikaje. Na injini, kwa kuwa ilikuwa na mkonga, haikuzimika. Ilinguruma chini ya maji kama mtu anayesukutua.

Teofili alikaa kwenye usukani, maji tumboni, akingoja kicheko. Alijua kitakuwa kicheko cha kusimuliwa mpaka kwa wajukuu. Alikwisha hata kuandaa uso wa kukipokea. Kicheko hakikuja. Akageuka akamwona Masoudi anakuja kwa kuogelea na kamba begani, nyuma yake watu kutoka mashambani wanakimbilia ukingoni. Masoudi alifika dirishani, akashika mlango, akahema.

"Kaka Teofili," akasema. "Nakuomba utoke."

Hapo ndipo Teofili alipoogopa. Maji hayakuwa yamemwogopesha, shimo halikuwa limemwogopesha. Lakini mtu huyu alikuwa amemwita panya, amemwita kinyago, amemwita mzigo wa padri, kaka hajawahi. Teofili aliona kwamba mtu anayeitwa kaka na mtani wake bila shaka amekwisha kufa, ila yeye ndiye hajaambiwa. Akaushika usukani kwa mikono miwili.

"Sitoki," akasema. "Niite jina langu."

"Teofili."

"Si hilo."

Masoudi alimsihi. Alimsihi kwa adabu zote, na kila alivyozidi adabu ndivyo Teofili alivyozidi kuung'ang'ania usukani, na maji yakapanda kutoka tumboni hadi kifuani. Saada, juu ya paa, akapiga bati kwa kiganja na kumwambia mumewe amtukane mwenzake upesi, mtu anakufa.  Masoudi alikuwa analia, na hakuwa na hata mkono wa kujifutia.

"Toka, mla panya wewe," akasema polepole, kama mtoto anayesomeshwa ubaoni. "Unanichafulia mto."

Teofili alilipima tusi hilo. Lilikuwa dhaifu, lakini lilikuwa tusi halali. Akatoka dirishani.

Gari lilivutwa na watu thelathini na mmoja kabla ya magharibi. Wote walijua historia, na wote walimtazama Teofili waone atakavyoanguka. Hakuitazama hata kamba. Alimtazama Masoudi, aliyevuta pamoja na wengine, kimya, asiimbe hata kibwagizo. Usiku ule Masoudi alimpa msuli mkavu na uji wa moto, akamuuliza kama kijiko kinamfaa, akamwita Bwana Mrope.

Na ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Gari lilikaushwa, likapona; bahasha ziliwekwa juani zikakauka nazo. Kila Teofili alipofika ukingoni, Masoudi alisimama ng'ambo na kumsalimu kama anayemsalimu bwana afya, kisha akamwambia maji ni ya kiuno, apite kushoto. Teofili alikunja suruali, akapima. Ya kiuno, kushoto. Iliuma. Hakuwahi kufikiri kwamba ukweli unaweza kumuuma mtu hivyo.

Alijaribu kumchokoza. Siku moja alikwenda nyumbani kwa Masoudi, akaepua sufuria ya kunde jikoni, akaitia kwenye gari na kuondoka nayo. Masoudi alimtuma Saada amkimbilie na mfuniko, asije akajiunguza. Teofili alirudi Nachingwea amezipakata zile kunde, akashindwa kuzila. Katika ripoti ya mwezi huo aliandika: "Gari zima. Mito tisa. Mtani wangu ni mgonjwa. Naomba ushauri." Meneja, kama kawaida yake, alinyamaza.

Mwishowe akamwendea Masoudi shambani na kumuuliza waziwazi amekosa nini.

"Niliapa, ukacheka," Masoudi akasema. "Nikakuonyesha kwa mwili wangu, ukacheka. Nilisimama pale naona nakuua, na kinywa changu hakifai kumwokoa hata kuku. Na mke wangu mlemle ndani. Sasa unataka nirudi kulekule?"

 Walikaa kati ya mistari ya ufuta, watu wazima wawili, wakitafuta jambo ambalo wazee wao, pamoja na hekima yao yote, hawakuwaachia: namna ya mtani kumwambia mtani wake kweli. Baada ya muda Teofili akasema basi iwepo alama. Mwenye kusema kweli avue kofia aiweke chini. Kofia ikiwa chini, hakuna utani, hata iweje. Masoudi alikubali. Wakapeana mikono kwa uzito, kama wanaooza binti.

Dawa ikawa mbaya kuliko ugonjwa. Masoudi aliweka kofia chini kwa kila kitu. Aliiweka akisema maji ni ya kiuno, aliiweka akisema Saada hajambo, aliiweka akisema mwaka huu panzi ni wengi. Kofia ikaliwa na mchwa upande mmoja. Teofili alianza kufikiria kuzunguka zile kilomita arobaini, kwa hiari yake, bila kiboko.

Mwishoni mwa mwezi wa nne mvua ya mwisho ilinyesha siku mbili. Teofili alifika Nandembe saa nne asubuhi, gari tupu, akazima. Masoudi alikuwa ng'ambo. Akavua kofia, akaipangusa vumbi, akaiweka chini taratibu, akaitazama kidogo kama anayeiaga.

"Bwana Mrope," akaita, "mto umepungua sana. Maji ya magoti. Pita popote."

Teofili alijibu asante kwa unyonge, akavua viatu, akakunja suruali mpaka magotini, akashika fimbo. Alikwenda kupima kwa mazoea tu, hakuwa na shaka yoyote. Kofia ilikuwa chini. Hatua ya kwanza maji yakamfika vifundoni. Ya pili, magotini. Ya tatu hapakuwa na chini, akadidimia mpaka kwapani, fimbo ikamtoka na kwenda na maji.

Alipofuta macho alimwona Masoudi ng'ambo. Alikuwa amekwisha kuivaa kofia, tena upande, na alikuwa chini kwenye majani akigaagaa, akicheka mpaka sauti inakatika, akimwita panya aliyetoswa, panya wa padri, panya aliyekosa hata mkia wa kuogelea.

Teofili alisimama mle mtoni, amelowa mpaka sigara za mfukoni, machozi yanamtoka na hataki kuyazuia. Mtani wake alikuwa amepona.