Nyumba Juu ya Chemchemi

Mume wangu aliporudi Bwera na mke wa pili, mwanamke wa Butembo mwenye mimba changa, sikulia. Nilikasirika. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, na katika boma lile desturi ilikuwa mke mkubwa amwonyeshe mwenzake mahali pa kujenga. Basi nikachukua kijiti, nikashuka nacho moja kwa moja hadi bondeni, nikakichomeka. Kilikuwa kiangazi, udongo mkavu kama unga. Mwenzangu alinishukuru sana, akaniita Yaya, yaani dada mkubwa, na mahali pale akapaita fasi nzuri, kama wasemavyo kwao.

Pale palikuwa na chemchemi. Mama mkwe aliifukia zamani kwa mawe na udongo, akaniambia mimi peke yangu, kisha akafa.

Udongo ule hunyonya. Maji yako chini, huyaoni, lakini yanapanda polepole kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa. Kuta za udongo ziliposimama, yakaingia kutani. Kwanza unyevu ulifika kifundo cha mguu. Mtoto alipozaliwa ulikuwa umefika gotini. Mume wangu, bwege yule, akalaumu paa, akaezeka nyasi upya. Mwenzangu akanijia.

"Yaya, mvua haiko. Haya maji inatoka wapi?"

Nikamwambia aisiribe sakafu kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu. Nilijua nilichokuwa nafanya: maji yakizibwa sakafuni hukimbilia ukutani. Na mkeka wa mtoto ulitandikwa kando ya ukuta.

Mtoto akaanza kukohoa. Nilimsikia kila asubuhi nikisonga ugali, na kila asubuhi nikajiambia kesho nitasema. Kesho gani? Ilikuwa roho mbaya tu, sina jina jingine la kuiita. Alikufa kabla hajaota jino.

Mume wangu akaja na jembe, analia, akaniomba kama mke mkubwa nimwonyeshe pa kumzika mwanawe, pasiwe na maji. Sikufikiri hata kidogo. Nikapanda naye, pamoja na mwenzangu na majirani, hadi juu, nyuma ya migomba, nikachomeka kijiti. Wakachimba, na udongo ukatoka mkavu mpaka chini kabisa.

Mwenzangu aliinama, akachota udongo ule, akausugua kiganjani. Kisha akanitazama.

"Yaya, kumbe fasi ya kukauka ulikuwa unaijua."