Pua Niliyoigonga kwa Mkono wa Kushoto

Pua ya kwanza niliyoigonga ilikuwa nzuri mno, na uzuri wake nusura unirudishe Temeke. Mimi ni mtoto wa Gerezani, pale Dar es Salaam wanapogonga bati kuanzia asubuhi mpaka jioni na hakuna anayemsikia mwenzake. Huko fundi wangu alinifundisha jambo moja kwa makofi: alama ya nyundo ni aibu. Bati likitoka mikononi mwako, mtu asijue kama liliwahi kupigwa. Nilikuja Dubai na ujuzi huo wote, halafu kadi yangu ya kazi ikaandikwa "amil". Kibarua! Miaka minne nikaosha vipuri kwa dizeli katika gereji ya magari ya kale kule Al Quoz, nikiwaangalia watu wakinyoosha bodi ovyo ovyo, nami nimefunga mdomo.

Kadi ile iliniuma kwa sababu moja, na nitaisema mapema ili tusizungushane. Amil haruhusiwi kuleta mke. Fundi anaruhusiwa. Mke wangu alikuwa Temeke, mimi nilikuwa kitanda cha juu Al Muraqqabat katika chumba cha wanaume sita, na tangu tuoane tulikuwa tumeishi pamoja likizo mbili tu. Nilimkosa yule mwanamke mpaka nikawa mkali kwa watu wengine wote, hata wasio na kosa.

Arbab wetu, yaani bwana mwenye gereji, alikuwa mwenyeji wa hapohapo, mtu mpole mwenye kichaa kimoja tu, nacho ni magari. Mwaka ule alitaka kuunda upya gari moja la mashindano la Marekani, la yale wanayoyaita hotrodi. Vijana wa zamani walikuwa wakichukua gari kuukuu, wanalivua madigadi, wanalikata paa, wanalitia injini kubwa kuliko mwili wake, kisha wanakwenda kulikimbiza kwenye uwanda wa chumvi. Gari hilo lenyewe lilikuwa limeungua siku nyingi pamoja na banda lake, lakini aliyeliunda alikuwa bado hai, mzee sana, kwao huko Marekani. Arbab alimwandikia na kumwandikia mpaka akakubali. Mzee akatuma picha saba zisizo na rangi, na sharti moja: atakuja mwenyewe kuliona. Likiwa ndilo, tuandike namba yake, arobaini na moja, ubavuni. Lisipokuwa ndilo, namba yake tusiiguse.

Chasisi ilipatikana, injini ikaja kwa meli, usukani ukachongwa. Ikabaki pua, yaani kile kifuniko cha mbele cha alumini kinachoficha rejeta, kilichoviringika kama kifua cha njiwa. Mzee alikuwa ameigonga kwa mkono, nyuma ya nyumba yao, na haikupakwa rangi hata siku moja. Fundi bodi wetu aliijaribu, akapasua mabati mawili, kisha akapata kazi kwingine akaondoka. Arbab akasimama katikati ya gereji akauliza nani ataiweza. Nikanyoosha mkono unaonuka dizeli.

"Wewe?" akasema.

"Mimi, arbab. Niletee bati na mfuko wa mchanga wa kugongea."

Mpaka rangi wetu, mtu wa Mombasa na rafiki yangu wa pekee pale, akatoa kichwa nyuma ya gari jingine. "Haya, twaona leo," akasema. "Muosha nati agonga pua."

Nilimwonyesha. Siku kumi na mbili nikalibembeleza bati lile, gonga, piga msasa, gonga tena, mpaka likawa laini kama yai. Ungeweza kujitazama ukanyoa ndevu. Niliiweka pua mezani nikasimama kando, kifua mbele. Arbab akaja na picha mkononi, akaizunguka mara mbili.

"Zein," akasema, yaani nzuri. "Wallahi zein. Lakini hii siyo."

"Siyo nini, arbab?"

Akaniwekea picha chini ya macho. Pua ya mzee ilikuwa na mabonde mabonde mwili mzima kama ganda la chungwa. "Mzee akiiona yako atasema nimenunua dukani," akasema. "Gonga nyingine."

Jamani, nilipandwa na hasira! Nilitupa nyundo ya mti chini, nikatoka, nikakaa kwenye ukingo wa barabara jua la Agosti likinichemsha utosi. Mpaka rangi akanifuata na vikombe viwili vya karak. Nilidhani atanipa pole.

"Wewe waringa," akaniambia. "Umeambiwa utengeneze gari la yule mzee, wewe umetengeneza lako."

Nilitaka kummwagia ile chai. Kilichonikera zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli. Nikarudi ndani moja kwa moja hadi kwa arbab, na kwa kuwa nilikuwa bado nafoka, nikafungua mdomo kabla ya akili. Nikamwambia nitaigonga pua ya pili, na mzee akija Februari akasema ndiyo, anibadilishie kadi niwe fundi. Akisema hapana, viza yangu inaisha mwezi huohuo, basi asiihuishe, nirudi kwetu.

Arbab akanitazama sana. "Una hakika?"

"Khalas," nikasema, kama mtu mwenye ndege yake mwenyewe.

Ijumaa nikampigia mke wangu nikamsimulia.

"Yaani," akasema, "umeniweka mimi rehani kwa pua ya gari?"

"Sikuwa nimefikiria vile."

"Hukufikiria kabisa wewe." Nikasikia anashusha pumzi. "Basi sasa muige huyo mzee mpaka mama yake mzazi adanganyike. Unanisikia? Mama yake mzazi!"

Nikaanza kumuiga. Nilidhani ni kazi rahisi: acha msasa, acha alama zionekane. Nikagonga kipande cha majaribio, nikakiweka kando ya picha. Hapana. Mabonde yalikuwepo, ukubwa ule ule, lakini lilikuwa bati jingine kabisa, na sikujua kwa nini. Nikagonga cha pili, cha tatu, cha sita. Nikabadilisha nyundo. Nikabadilisha mchanga. Mpaka rangi akawa akipita ananiuliza kama nafungua duka la masufuria.

Mwishowe nikaenda kwa fundi saa mmoja jirani yetu Al Muraqqabat, nikamwomba lensi yake, ile ya kubana kwenye jicho. Nikazilalia zile picha saba Ijumaa nzima juu ya kitanda changu. Na hapo ndipo nilipoona. Nyundo haitui sawasawa hata siku moja. Inainama kidogo kufuata mkono, kwa hiyo kila alama ina upande mmoja uliozama zaidi. Zangu zote zilizamia upande mmoja. Za mzee zilizamia upande wa pili. Zote, bila kukosa hata moja!

Kwanza nikadhani picha imesafishwa kinyumenyume, kushoto ikawa kulia. Nikaiangalia namba ubavuni: arobaini na moja, inasomeka vizuri kabisa. Picha ilikuwa sawa. Aliyekuwa kinyume ni mimi. Yule mzee aligonga kwa mkono wa kushoto.

Nilipomweleza arbab akashika kichwa. "Majnun. Nani amekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Bati limesema."

"Unachezea kadi yako," akasema, lakini hakunikataza.

Sijui kama umewahi kugonga bati kwa mkono usio wako. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa wa kushikilia tu, haukujua kitu kingine. Ulikuwa unapiga pembeni, unapiga mapema, na mara nyingi unapiga kidole gumba cha mkono wa kulia, kilichokuwa kimeshika bati kikidhani kiko salama. Kikavimba kama nyanya. Kule chumbani tulikuwa tukila wali sinia moja, nami sikuweza kumega tonge, na mkono wa kushoto huwezi kuupeleka kwenye sinia la watu. Nikala kwa kijiko kama mgonjwa, watu watano wazima wakinicheka mpaka wanapaliwa.

"Mkono mmoja wa kazi, mmoja umelazwa," mpaka rangi akasema aliponiona gereji na bendeji. "Wataka nikulishe?"

"Nenda kachanganye rangi zako."

Lakini mkono wa kushoto ukazoea. Siku moja ya Novemba nyundo ikatua, ikatua, ikatua, na nikasikia ile sauti moja ya bati linalokubali. Nikaanza pua yenyewe. Nilifuata picha alama kwa alama, na nilipokuwa nikifuata nikaanza kumfahamu yule mtu. Huku juu alikuwa na haraka. Hapa kando alichoka, akapumzika, akarudi na nguvu mpya. Hapa chini alikosea, akajaribu kuficha, akaacha. Kwa mara ya kwanza maishani nikaacha kosa libaki kwenye bati, na kwa makusudi, na roho iliniuma kama nimeiba.

Mzee akaja asubuhi moja ya Februari, hewa ikiwa ya baridi nzuri. Alikuwa mrefu, ameinama, anatembea kwa fimbo. Gari lilikuwa katikati ya gereji, jeusi, ubavu wake mtupu ukisubiri namba. Mpaka rangi alikuwa amesimama karibu, brashi mkononi. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta.

Akaanza nyuma. Akasema kiti kimekaa juu mno kwa kidole kimoja. Akasema usukani ni sawa. Akasema tundu fulani kwenye chasisi lilikuwa mbele zaidi, na arbab akawa anaandika kila neno kwenye simu huku jasho linamtoka. Na mimi nawaza: kiti wataweza kukishusha, tundu watatoboa lingine, lakini akiikataa pua, mke wangu anabaki Temeke.

Akafika mbele. Akasimama. Akaegemeza fimbo, akapitisha kiganja juu ya pua polepole mpaka chini, pale penye lile kosa. Mkono ukasimama hapo muda mrefu. Nikamsikia mpaka rangi anasema "Ya Rabbi" kwa sauti ndogo.

Mzee akageuka akaliendea benchi langu, akachukua nyundo. Akaichukua kwa mkono wa kushoto. Akarudi, akaiinua juu ya pua, akapiga hewani bila kugusa, tap, tap, tap, akifuata mstari wa alama zangu kutoka juu hadi chini, na kila mahali nilipokuwa nimepumzika, naye alipumzika.

"Nani aliigonga hii?" akauliza kwa Kiingereza.

Arbab akaninyooshea kidole. "Fundi wangu."

Alisema fundi! Nilisikia kwa masikio yangu, na mashahidi ninao.

Mzee akanisogelea akanipa mkono, ule ule wa kushoto. Kwetu ukimpa mtu mkono wa kushoto umemtukana, na nimewahi kukosana na mtu kwa sababu hiyo. Siku ile niliudaka kwa wangu wa kushoto nikaubana, na tukabaki hivyo, mabega yake yanatetemeka, sijui kwa kucheka au kwa kulia. Kisha akamgeukia mpaka rangi akamwambia: "Andika."

Mtu wa Mombasa hakungoja kuambiwa mara mbili. Arobaini na moja, nyeupe, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na mkono wake haukutikisika hata kidogo. Alipomaliza akapiga kelele za harusi peke yake, gereji nzima ikampokea. Arbab alimkumbatia mzee, akanikumbatia mimi na ovaroli langu chafu, kanzu nyeupe ikaharibika, akasema mafi mushkila, mafi mushkila, hakuna tatizo.

Kadi mpya ilitoka baada ya wiki tatu. Nilipewa kwenye ofisi ya kuchapia fomu huko Deira, watu wamejaa, mashine ya tiketi inaita namba. Sikungoja kutoka nje. Nikampigia mke wangu palepale.

"Imetoka?" akauliza.

"Imetoka."

"Imeandikwaje?"

"Fundi."

"Isome tena."

"Fundi bodi wa magari."

"Tena, baba. Sijasikia vizuri." Alikuwa amesikia vizuri sana, machozi yake nilikuwa nayasikia mpaka huku.

Nikaisoma tena kwa sauti yangu yote, foleni nzima ikageuka kunitazama, kisha nikamwambia aanze kuaga watu.