Simu Mbili Alizokata Akiwa Dubai

Saa moja asubuhi, umande ungali juu ya majani ya mahindi, na Protus Wekoye tayari amevua viatu. Anatema mate viganjani, anashika jembe na kuanza mstari wake. Mstari wa jirani ni wa babake, Mzee Wekoye, na mzee yuko mbele kabisa. Hangoji mtu.

Ni Juni 2006, hapa Naitiri, wilayani Bungoma, na palizi imepamba moto. Wanaopita njiani wanasimama kidogo kutazama, maana si kila siku unamwona mtu wa Dubai akiwa na matope hadi magotini.

"Dubai! Karibu shamba!" jirani mmoja anamtania. "Kule kuko na jembe kweli?"

Protus anacheka tu. Angemjibu ukweli, utani ungekolea zaidi. Kazi ambayo kijana huyu wa miaka thelathini na mmoja alipanda ndege kwenda kuifanya ni kutunza nyasi.

"Hapa ukiona nyasi kwa mahindi, hiyo ni vita," ananiambia mimi mwandishi akiendelea kulima. "Kule nyasi ikikauka, ni mimi naitwa kwa ofisi. Ati kwa nini nyasi imekufa? Mwanzoni sikuwa naelewa hiyo maneno hata kidogo, bana."

Wiki yake ya kwanza nusura iwe ya mwisho. Aliachwa peke yake kwenye bustani nyembamba katikati ya barabara kuu, apande maua. Akaona nyasi zimejaa pale. Akaziandama, akazing'oa zote, akakung'uta udongo na kuzilaza mizizi ikiangalia juu ili jua lizimalize. Msimamizi alipofika alishika kichwa kwa mikono miwili. Nyasi zile zilikuwa zimepandwa, tena kwa gharama kubwa.

"Mkono ilienda yenyewe," Protus anajitetea. "Na si ni huyu mzee alinifundisha?"

Mzee Wekoye, hatua chache mbele, hageuki. Lakini jembe lake linasita kidogo kabla ya kuendelea.

Protus ni kitinda mimba wa boma hili. Kaka zake wawili walishaondoka kutafuta maisha kwingine, kwa hivyo ilieleweka kwamba yeye ndiye wa kubaki na wazazi na kushika shamba. Hakubaki. Alienda kwanza Kitale, akapanga chumba mtaa wa Kibomet na kuwa mbeba magunia kwenye maghala ya mahindi, kwa shilingi mia moja siku ambazo malori yamekuja. Huko ndiko alikokutana na Naim, kijana aliyekulia karibu na msikiti wa mjini, dereva wa pikapu ya mizigo. Naim alitangulia Dubai. Baada ya muda akampigia rafiki yake kumwambia kuna nafasi.

Mzee hakutaka hata kusikia habari hiyo.

"Aliniuliza, 'Mimi niko na ekari tano hapa, na wewe unaenda kulima ya wenyewe?'" Protus anakumbuka. "Siku ya kuondoka mama aliomba, majirani wakanisindikiza mpaka barabarani. Mzee alikuwa kwa shamba. Hakutoka."

Hayo yalikuwa mwishoni mwa mwaka 2003. Tangu siku hiyo, Protus anapopiga simu nyumbani, jibu limekuwa ni lile lile: mzee ameenda kwa ng'ombe.

Ukimwomba akueleze Dubai, Protus hakuanzii kwenye majumba marefu. Anakuanzia chumbani. Wanalala wanane kwenye vitanda vya ghorofa, naye ana cha juu, karibu na feni. Kuna Wanepali, Wahindi, Mganda mmoja na yeye. Jikoni kuna foleni, na ole wako uwe wa mwisho. Unga wa ugali alioondoka nao nyumbani ukaisha mapema, akajifunza kula wali kila siku bila kununa. Mshahara wake ni dirhamu mia sita, kama shilingi elfu kumi na mbili za Kenya, na nusu yake huja Naitiri.

Kabla jua halijachomoza, basi la kampuni linawabeba. Kutwa nzima anavuta mpira wa maji kutoka mti hadi mti huku magari yakipita kila upande.

"Mwanzoni nilikuwa nasalimia madereva wakisimama kwa taa," anasema. "Si unajua sisi, huwezi pita mtu hivi hivi. Wanakuangalia tu na kioo imefungwa. Nikaacha. Lakini siku nikiacha, jioni nilisikia vibaya sana, kama mtu amefiwa."

Faraja yake ni Ijumaa, siku ya mapumziko. Naim huenda msikitini naye huenda kanisani, kwa sababu kule hata makanisa hujaa Ijumaa. Jumapili watu wako kazini. Wakitoka wanakutana, wanapika pamoja, wanabishana juu ya nani alikuwa mbaya zaidi kwa mpira kule Kitale. Jua likizama kila mtu anarudi kwake.

Na asubuhi ana mamake.

Mama Edah, kama anavyoitwa kwa jina la binti yake wa kwanza, ana simu ndogo iliyofungwa kwa raba isiachane na betri. Kila siku akimaliza kukamua ng'ombe, humflashi mwanawe: simu inalia mara moja, anakata. Haigharimu kitu. Maana yake ni kwamba kumekucha, wote wazima, chapa kazi. Kama kuna neno, Protus atalisikia Ijumaa atakapopiga mwenyewe.

Sharti ni moja tu: asichukue. Aliwahi kuchukua kwa bahati mbaya, simu ikiwa mfukoni, na salio lote la mamake likaishia kusikiliza magari ya Dubai.

"Nilimwambia, umekula kadi yangu yote, na hata hukusema kitu!" Mama Edah anasema, na hasira ya siku ile bado iko tele. "Kadi ya mwezi mzima!"

Protus alishika sharti hilo kama amri ya kanisa. Na ndilo lililomponza.

Mwishoni mwa Machi mwaka huu, alasiri moja, alikuwa amepumzika kwenye kivuli cha lori na wenzake. Simu ikalia, namba ya mamake. Ikalia, ikalia, haikatwi. Protus akajua tu kwamba mama amebonyeza vibaya na sasa kadi yake iko hatarini. Akamkatia. Muda si muda ikalia tena. Akaikata tena, huku akicheka, akawaambia wenzake kwamba mama yake amezeeka. Ijumaa alipopiga nyumbani, Mama Edah alisema hakuna aliyempigia. Siku ile ya simu alikuwa sokoni, na simu ilibaki nyumbani.

Ukweli aliujua mwezi uliopita, siku ya pili ya likizo yake, alipoenda kununua kadi ya simu kwenye kibanda cha Wakiuru. Binti huyo ni jirani yao, na siku ile ya Machi alikuwa amejikinga mvua nyumbani kwa Mzee Wekoye.

"Mzee aliniambia nimbonyezee namba yako," Wakiuru alimwambia. "Mara mbili, na mara mbili ukakata. Akaniambia, sawa, wacha."

Protus anasema alisahau hata chenji yake pale kibandani. Zaidi ya miaka miwili alikuwa akiisubiri sauti ya babake, na ilipokuja aliikata kwa kidole chake mwenyewe, akicheka.

Amekaa nyumbani karibu mwezi mzima na hajaweza kuligusa jambo hilo. Wanalima pamoja, wanakula pamoja, wanazungumza habari za mbolea na za ndama. Jumapili anarudi Dubai kwa miaka mingine miwili. Mzee ana sabini na mmoja, na Protus anajua hesabu hiyo inaelekea wapi.

"Wewe kazi yako si ni kuuliza watu?" ananinong'oneza, jasho likimtoka. "Basi muulize alikuwa anataka nini. Mimi nikifungua mdomo nitalia, na huyu mzee hapendi."

Mama Edah analeta chai na viazi vitamu. Tunakaa kwenye ukingo wa shamba, na kwa kuwa nimeombwa, nauliza. Mzee, siku ile ya simu ulitaka kumwambia nini mtoto wako?

Mzee Wekoye anakunywa chai yake kwanza.

"Kumwambia? Sikuwa na kitu ya kumwambia."

Protus anaangalia vidole vyake vya miguu. Mamake anaacha kumenya kiazi.

"Mwaka hii mvua ilichelewa," mzee anaendelea, akizungumza na mimi na si na mwanawe. "Machi yote tunaangalia tu juu. Siku ilikuja, ilikuja na kelele, mabati inapigwa mpaka huwezi sikia mtu. Nikakumbuka huyu. Mama yake aliniambia ati kule hakuna mvua, maji ni ya mpira tu. Sasa mtoto wa hapa atakaa aje miaka yote hiyo na hasikii mvua? Nikaambia huyu msichana abonyeze. Nikainua simu kwa mabati, hivi."

Anainua mkono wake mkavu juu ya kichwa na kuuacha pale kwa muda.

"Nilitaka asikie. Ni hiyo tu. Wakiuru akasema imekatwa. Nikajaribu tena, kwa sababu mvua ilikuwa bado. Ikakatwa. Nikasema ni haki yake. Hata mimi sikumsindikiza."

Protus amejifunika uso kwa kofia. Mabega yanamtikisika, na hakuna anayemkataza.

"Papa, sikujua ni wewe," anasema hatimaye. "Nilidhani mayi amesahau kukata. Alinikataza kuchukua, ati namalizia yeye kadi."

Mzee anamgeukia mkewe polepole. "Kumbe ni wewe, Mama Edah?"

Mama Edah anacheka na kulia kwa pamoja, akijipangusa kwa pindo la leso. Anasema kuanzia leo kadi imalizike tu, kwani itazikwa naye?

Kazi haijaisha, kwa hivyo tunarudi mistarini. Protus ananieleza mpango wake: miaka miwili zaidi, arudi na mipira ile myembamba ya kumwagilia, alime nyanya na sukuma wakati wa kiangazi, hapa hapa, upande wa mtoni. Safari hii baba na mwana wanalima sambamba, kwa sababu mzee amepunguza mwendo.

"Mwaka kesho ikinyesha, nitapiga," mzee anasema ghafla, macho yakiwa kwenye jembe. "Lakini mimi sina maneno ya simu."

"Usiseme kitu, papa," Protus anamjibu. "Inua tu."