Jino Lililoangukia kwa Jirani

Ti! Halafu krrrr, likiteremka kwenye mifereji ya bati. Ndiyo sauti ya jino la utoto likirushwa juu ya paa la bibi yangu kule Kwihara, na naijua kuliko kengele ya shule. Juzi kifungo kilinidondoka kwenye mfuniko wa kopo hapa kibandani kwangu Chemchem ninaposhonea nguo, nikaiacha cherehani izunguke bure. Mteja akaniuliza, "Dada, vipi, umejichoma?" Nikamjibu hapana, nimesikia jino. Akanitazama vibaya, akavuta sketi yake karibu. Simlaumu.

Kwetu, rafiki yangu, jino halitupwi ovyo. Unasimama mbele ya nyumba, unalirusha juu na kumwambia mjusi: chukua lako bovu, nipe langu jipya. Likibaki juu, umeshinda. Likirudi chini, unaliwahi kabla kuku hajaliona. La kwangu la kwanza la mbele lilipiga bati, likateremka, likaruka uchochoro na kuangukia uwanjani kwa jirani.

Jirani alikuwa mama mtu mzima aliyeishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kukaanga karanga za kuuza, mdomo mwepesi wa utani. Kwake nilikuwa naingia bila hodi. Alikuwa ananipa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa mpaka vikawa vigumu, natafuna mpaka taya linauma, utamu unabaki mdomoni mchana kutwa. Siku hiyo aliliokota jino langu, akalipuliza vumbi, akacheka: "Ehee! Jino limekuja kuposa kwangu! Hili silirudishi ng'o!" Akalifunga kwenye pindo la kanga. Nilicheka, na bibi akacheka kutoka jikoni. Shika hilo, kwamba siku ile tulicheka wote.

Meno mapya yakachomoza na madoa. Meupe, ila si weupe wa jino, ni weupe wa chokaa, kama mtu amenirushia unga wa muhogo ukanigandia. Bibi alinishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga wa mlangoni. Halafu akauliza taratibu, kama anayeuliza habari za mvua: "Lile jino, alilipeleka wapi?"

Kuanzia hapo nyumba yetu ikaanza kusikiliza. Kila asubuhi bibi alinisugua meno kwa majivu, yakishindikana mkaa uliosagwa, mkaa ukishindwa chumvi na limau. "Vumilia, mke mwenzangu," aliniambia, maana bibi na mjukuu wa kike kwetu huitana hivyo. Fizi zilitoka damu. Madoa yalikaa palepale, na mdomo ukikauka ndiyo yanazidi kuonekana. Kila yalipokataa, bibi alipata uhakika zaidi. "Uchafu wa kawaida unatoka," alisema. "Huu si wa kawaida."

Nami nikajifunza kuchungulia. Kupitia uzio wa minyaa niliyaona mambo ambayo jana yalikuwa ya kawaida, leo yamekuwa na maana. Jirani anafagia uwanja kabla hatujaamka: anafuta nini? Akicheka anaziba mdomo kwa kanga: anaficha nini? Jogoo wake mweupe haonekani tena: kaenda wapi, na kwa ajili ya nani? Akituletea karanga, bibi alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru vizuri, kisha akawamwagia kuku. Nilikuwa natazama zinavyodonolewa huku mate yamenijaa. Kuku hawakufa. Nilipomwambia bibi hivyo, akanijibu kwamba dawa inamjua mwenyewe.

Angeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini alimnong'oneza mwenzake mmoja, mmoja tu, walipotoka ibadani. Na neno kama lile, juu ya mwanamke anayeishi peke yake na macho yake ni mekundu, kwetu halilali kwa aliyepewa. Kisimani wanawake wakaacha kuiitikia salamu ya jirani ya asubuhi, "mwangaluka". Mtu akainama kufunga kamba ambayo haikufunguka, mwingine akamgeukia mtoto. Jioni moja nikamsikia jirani akimwambia bibi toka ng'ambo ya minyaa, "Dada, nimesikia yanayosemwa. Karanga zikishavunwa nitamfuata kaka yangu Nzega. Sitasubiri kufukuzwa."

Bibi akajibu, "Haya." Basi. Haya, kama unavyomwambia muuza mkaa ukiwa unao wa kutosha. Mimi nilikuwa napepeta unga, nikalia humohumo kwenye ungo. Niliogopa meno yangu, na niliogopa zaidi kwamba uchochoro ule utabaki mtupu kwa sababu ya meno hayo.

Hazikupita siku nyingi, tabibu wa meno akaja shuleni na kioo chake kidogo. Tukapangwa mstari. Aliponifikia akainama zaidi.

"Mwanangu, umezaliwa hapahapa?"

"Hapana. Igunga, kwa baba. Huku nimekuja kwa bibi kuanza shule."

"Huko mlikuwa mnakunywa maji gani?"

"Ya pampu."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuta kitu anachokifahamu. Akanieleza kwamba baadhi ya visima virefu vya upande ule maji yake yana madini mengi yanayoitwa floraidi. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani bado yanajitengeneza ndani ya fizi, yanatoka yakiwa na madoa tayari. Wengine madoa yao huletwa na mabaki ya vitu vitamu na kutopiga mswaki, hayo huanzia karibu na fizi na yanazuilika kwa mswaki. Yangu sivyo. "Acha majivu," akasema. "Husugui doa, unalisugua jino lenyewe. Mswaki, na dawa ya meno kiasi cha punje ya hindi, usiimeze."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo si mtu?"

"Mtu gani?"

Nilikimbia ile njia ya miembe waliyopita wapagazi wa zamani, mpaka kandambili ikakatika. Bibi alinisikiliza akiwa anachambua majani ya kunde. "Maji?" akasema. "Mama yako si anayanywa hayohayo huko alikoolewa? Meno yake meupe kama maziwa. Tabibu anajua meno, hajui watu."

Jibu lilikuja kwa baiskeli, na gudulia la maziwa mgando nyuma.

Baba yangu alipokuja kwetu, yeye na bibi hawakuketi pamoja. Mkwe ni mkwe. Bibi alibaki jikoni akitwanga, baba kwenye kivuli cha nyumba, wakasalimiana kupitia ukuta. Bibi hakumtazama mkwewe usoni, sembuse mdomoni. Siku ya harusi tu, baba alipojisahau akacheka, ndipo bibi alipoyaona meno yale ya kahawia, na tangu hapo akaamini kabisa kuwa binti yake ameolewa na mla tumbaku. Mimi nami nilidhani meno ya kahawia ni mambo ya wanaume, kama ndevu.

Nikasimama mbele yake. "Baba, fungua mdomo."

"Wewe! Unataka kunipeleka mnadani?" Maana wafugaji ndivyo wanavyomkagua ng'ombe. Lakini alifungua. Katikati kahawia, pembeni mistari meupe ya chokaa. Ileile yangu.

"Hii ni tumbaku?"

"Tumbaku! Sijaionja toka nizaliwe. Kwetu wote tuko hivi. Baba zako wadogo, shangazi zako. Maji yale. Mama yako kaja kwetu keshaota meno yote, ndiyo maana amepona."

Jikoni kinu kikanyamaza. Halafu sauti ya bibi ikapita ukutani, ndogo, isiyo yake.

"Mkwe. Shangazi zake wote?"

"Wote, mama."

"Na hakuna aliyewaokotea jino?"

Baba akanitazama, hakuelewa. "Mama?"

Mchi ukaanza tena, taratibu, kama mtu anayetwanga akiwa anafikiria kitu kingine.

Kesho yake alipika nsansa, mboga yetu iliyokaushwa, akaiunga kwa karanga mpaka mafuta yakaelea. Akafunika bakuli, akanipa. "Mpelekee jirani. Mwambie..." Akakwama. Akafuta mikono kwenye kanga, akaifuta tena. "Mwambie chumvi imezidi kidogo."

Jirani alionja mbele yangu. Akatafuna muda mrefu, yale macho mekundu yakiwa kwenye bakuli. "Mwambie chumvi iko sawa," akasema. Halafu, "Jino lako nililirusha siku ileile, hapa juu kwangu. Bati lenu limeinama mno, halishiki kitu. Mngeniuliza tu."

Asubuhi bibi alimsubiri njiani, wakaenda kisimani pamoja, na mbele ya wanawake wote bibi akamwamkia "mwangaluka" kwa sauti ya kuitia ng'ombe. Wengi wakaitikia. Wapo ambao hawakuitikia mpaka mwisho. Neno hutoka kwa mguu wake, kurudi hubebwa. Jirani hakuhama mwaka ule. Alihama miaka baadaye, kwa hiari yake, akicheka, na kuku wake kwenye tenga.

Nyumba yake sasa haipo. Uchochoro umezibwa kwa ukuta wa tofali, minyaa imekatwa, na watoto wa pale wanaweka meno kwenye pipa la taka. Kule Igunga, mama alipopata mdogo wangu alianza kumkingia maji ya mvua, na meno ya mdogo wangu ni ya kupigia picha. Yangu bado yana chokaa. Tabibu wa mjini ameniambia madoa yanaweza kupunguzwa kwa kukwangua kidogo tabaka la juu, au kufunikwa kwa kitu cha rangi ya jino. Nawaza. Siku nikiwa na duka lenye kioo kirefu huenda nitakwenda. Kwa sasa nacheka bila kuziba mdomo.

Bibi alifariki bila kujua jambo moja. Jino langu la chonge lilipong'oka, sikulionyesha. Nililificha shavuni mpaka alipokwenda kuteka maji. Nikasimama uchochoroni peke yangu, nikaligeuzia kisogo bati letu, nikalirusha jino juu ya paa la jirani.

Ti. Halikurudi.

Ndani kwake mwiko wa karanga uliacha kukwangua sufuria. Kisha ukaendelea.