Bustani ya Mama Ilipobaki Kamba

Mimi ni Jeruto, binti wa Kiprono na Tapsubei, waliozaliwa Timboroa. Andika hivyo kwanza, mjukuu wangu Chebet.

Jana ulisoma hesabu yako kwa sauti: mabano, kumi na mbili toa x, mara mabano, tano toa x. Ukasema x ikiwa tano, jibu lote ni sifuri. Sikusoma, lakini hilo nililiona utotoni.

Tulikuwa tumenunua shamba karibu na Eldoret. Udongo ulinuka mvua. Bustani ya mama ilikuwa hatua kumi na mbili kwa tano, na baba alitaka njia ya ng'ombe ipite kando yake pande mbili, ipunguze urefu na upana kwa hatua sawa.

"Punguza tano," nilisema kwa fahari. "Mama atabaki na saba."

Nilidhani ardhi huisha tu pande zote mbili zikiisha. Baba akapigilia vigingi, akavuta kamba; bustani ikabaki mstari mmoja. Mama akaja na mbegu za mboga za managu.

"Baba Jeruto, hizo saba nitazipanda wapi? Juu ya kamba?"

Baba akang'oa vigingi. Ng'ombe wakazungushwa nje ya bustani.

Hifadhi hili, mjukuu wangu: upande mmoja ukiwa sifuri, shamba lote ni sifuri. Siku utakapogawa ardhi, usimwonyeshe mtu urefu peke yake.